Sahani ya Tambi Niliyoisukuma Malaba



Wiki tatu zilizopita, baada ya darsa ya akina mama inayosomeshwa msikitini petu baina ya Alasiri na Magharibi, mama mmoja alibaki nyuma ya wenziwe akisubiri nifunge kitabu. Binti yake amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kule Mbale. Baba mtu ameridhia, ndugu wamechanga, karo ya muhula wa kwanza iko tayari. Lakini yeye hana raha. "Sheikh," akaniambia, "mtoto huyu hajapata kulala nje ya nyumba yangu. Nasikia huko watu hula ndizi za kupikwa asubuhi na jioni, na wadudu pia wanakula. Mwanangu atakula nini? Mimi naona akae tu nyumbani, mwakani tumtafutie chuo cha hapa karibu."

Nilitaka kucheka, kisha nikajizuia, kwa sababu maneno hayo hayo aliyasema marehemu mama yangu mwaka 1993, juu yangu mimi na juu ya chuo hicho hicho. Na iko sababu nyingine. Katika safari ile ya kwanza, nilipofika Malaba kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, nilikikosea adabu chakula cha watu mbele ya macho ya aliyekipika. Kisa hicho sijapata kukisimulia juu ya mimbari. Mama yule nilimjibu kwa ufupi siku ile ile, lakini najua wako wengine wenye swali kama lake, na jibu lenyewe limo ndani ya kisa. Basi nakiandika hapa.

Kwanza msomaji ajue nimetoka wapi. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mji uliozoea Wataliano. Tangu miaka ya 1960, walipoweka kituo chao cha kurushia satelaiti baharini pale Ngomeni, wageni hao walikuja, wakajenga majumba na mahoteli, na wako vijana wetu waliojua Kitaliano cha ufukweni kabla ya kukijua Kiingereza cha darasani. Harufu ya vyakula vyao tuliijua, kwani upepo hauna mlango. Ama sisi wenyewe hatukuingia. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba nyumba inayouza mvinyo haina cha kumpa mtoto wa madrasa, na katika hilo sikuona wala sioni leo kuwa alikosea. Basi nilitimiza miaka ishirini sijaonja chakula cha Kitaliano hata kimoja. Nilipokuja kukionja, ilikuwa mbali na bahari, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka kwetu, ndani ya kibanda cha mabati, kutoka mikononi mwa mwanamke wa Kiislamu aliyejisitiri kuliko wengi wa dada zetu.

Tambi nilizijua, bila shaka. Lakini tambi za kwetu ni zile nyembamba mithili ya nywele, zinazokaangwa kidogo kwa samli, zikapikwa kwa tui la nazi, sukari na iliki, zikatiwa zabibu, zikaliwa wakati wa futari au asubuhi ya Idi. Tambi kwetu ni tamu. Mtu akikuambia tambi na nyama, ni kama amekuambia halua na papa.

Nilifika Malaba alfajiri, baada ya kulala ndani ya basi usiku mzima kutoka Nairobi. Yeyote aliyepita hapo anayakumbuka malori: yamepangana kandokando ya barabara upande huu wa Kenya, mengine yana siku kadhaa hayajasogea, mataniboi wamelala chini yake juu ya maboksi. Wakati huo pikipiki zilikuwa bado. Bodaboda zilikuwa ni baiskeli zenye kijigodoro nyuma, na jina hilo lenyewe lilizaliwa mipakani huku, kutokana na waendeshaji waliokuwa wakinadi kumvusha abiria kutoka boda hii hadi boda ile. Leo neno limeenea Afrika Mashariki nzima, na wachache wanaokumbuka kuwa ni mwana wa huku.

Nikasimama mbele ya dirisha la afisa, nikafungua mkoba, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano haimo. Nilikuwa nimeiacha juu ya kabati la mama. Hapakuwa na wa kulaumiwa ila mimi. Nilipiga simu katika duka la jirani yetu Malindi, nikaahidiwa kwamba kadi itatiwa kwenye bahasha na kupewa mwenye basi. Na mpaka ikanifikia zilipita siku tano. Pesa nilizokuwa nazo zilikuwa za nauli ya kufika Mbale na za kununulia godoro. Nikashuka hadi msikitini nikajilaza barazani.

Aliyeniamsha alikuwa mwadhini, mzee wa Kiwanga kutoka Mumias. Mumias ni mji ambao misafara ya pwani ilikuwa ikituama katika karne ya 19, na Uislamu wa magharibi ya Kenya ulikita mizizi yake hapo. Basi mzee alizungumza Kiswahili safi, na kila mtu wa pwani alimhesabu kuwa jamaa yake. Aliuliza habari yangu, akatikisa kichwa juu ya ile kadi, kisha akasema, "Twende ukale. Mgeni hafi njaa Malaba."

Tulikwenda kwa mama mmoja wa Kisomali. Alikuwa ametoka Mogadishu mwaka 1991, serikali ya kule ilipoanguka na vita vikaingia majumbani. Alifika Nairobi, akafuata barabara ya malori mpaka inapokomea Kenya, kwa hesabu kwamba penye madereva hapakosi walaji. Alikuwa na mabinti wawili, meko matatu na benchi nne. Hakuuliza ninataka nini. Aliweka mbele yangu sahani kubwa ya bati yenye tambi ndefu, nene kama uzi wa kushonea viatu, juu yake mchuzi mwekundu wa nyama ya kusaga, na pembeni, juu ya sahani hiyo hiyo, ndizi moja mbivu haijamenywa.

Nikatazama. Dereva aliyekaa karibu nami akacheka akasema, "Kula, kijana, hiyo ni baasto, chakula cha Mtaliano." Neno hilo likanipanda kichwani. Niliisukuma sahani kwa vidole viwili, nikasema kwa sauti waliyoisikia wote waliokuwamo: "Sisi Waislamu hatuli vyakula vya Wataliano. Hakuna wali?"

Namwambia haya mwanamke aliyeikimbia nyumba yake na msahafu wake mkononi.

Hakunijibu neno. Aliichukua sahani, akampa binti yake mkubwa, akarudi na kikombe cha chai na chapati mbili, akaziweka mbele yangu kwa taratibu ile ile. Nilipotaka kulipa alikataa. Mzee mwadhini alikula sahani yake yote, akaramba vidole, akamuombea mpishi dua, kisha tukatoka.

Njiani akaniuliza, "Riyadhus-Salihin umeisoma?"

"Nimeisoma, mzee wangu."

"Mlango wa kutokukitia chakula aibu uliufikia?"

"Nimeuhifadhi."

"Nisomee."

Nikausoma pale pale, tukipita baina ya malori: hadithi ya Abu Hurayra kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia chakula ila, akikipenda alikula na asipokipenda alikiacha, na hadithi ya Jabir, namna Mtume alivyowauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakasema hawana ila siki, akaila siki hiyo huku akiisifu. Niliisoma kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili, na sauti yangu ikizidi kupungua. Mzee alingoja nimalize, akauliza, "Sasa, katika hayo, ulilolitenda leo ni lipi?" Nikakosa la kusema.

Usiku ule, nikiwa juu ya jamvi la msikiti, ilinijia hadithi nyingine, ya kenge wa jangwani waitwaye dhabb. Mtume (S.A.W.) aliandaliwa mnyama huyo amechomwa, nyumbani kwa Bibi Maimuna. Alipokuwa ananyoosha mkono, wanawake waliokuwapo walisema aelezwe ni nyama gani. Akaurudisha mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta sahani akala, na Mtume anamtazama.

Watu huitumia hadithi hii kujua hukumu ya dhabb, kisha wakapita. Mimi naona imebeba jambo kubwa zaidi kwa wanaosafiri. Mtume, ambaye neno lake ni sheria, alijizuia kuifanya ladha yake kuwa sheria. Alisema wazi kwamba hiki ni changu mimi, si cha dini, na akamwachia mwenziwe ale mbele yake kwa raha. Nami, kijana wa miaka ishirini, niliichukua ladha ya jikoni kwa mama yangu nikaivisha kilemba cha Uislamu.

Kesho yake nilirudi kwa miguu yangu. "Mama," nikasema, "jana nilikosa. Naomba radhi, na naomba sahani ile."

Akacheka. "Jana njaa ilikuwa haijakushika, hooyo." Neno hilo kwa Kisomali maana yake ni mama, na mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa jina lake yeye mwenyewe. Kwa siku nne zilizobaki sikuitwa jina jingine.

Kula baasto kwataka mafunzo. Madereva wa Kisomali walikuwa wakiimenya ile ndizi, wanakata kipande kwa meno, kisha wanatia tonge la tambi, na utamu wa ndizi unakutana na chumvi na pilipili ya mchuzi kinywani humo humo. Mimi nilidhani ndizi ni ya mwisho, ya kuondolea harufu ya nyama. Nikaiweka kando, wakanicheka. Tonge nalo si la kufinyanga kama la wali. Unazikusanya tambi kwa vidole vitatu, unazizungusha pembeni mwa sahani mpaka zijifunge, ndipo unainua. Siku ya kwanza kanzu yangu ilipata madoa ambayo hayakutoka mpaka Mbale.

Nilimuuliza imekuwaje chakula cha Italia kikawa chakula cha Wasomali. Akanisimulia huku akikatakata vitunguu. Wataliano waliishika nchi yao ya kusini, na Mogadishu ikawa makao yao, mpaka Waingereza walipowatoa mwaka 1941 katika vita vile vikubwa. Kisha wakarudi mwaka 1950, mara hii kwa amana waliyopewa na Umoja wa Mataifa, wakakaa hadi uhuru wa mwaka 1960. Katika mabonde ya mito Juba na Shabelle walikuwa na mashamba ya migomba, na ndizi zake zikipelekwa Italia kwa meli. Mama yake mzazi alikuwa akifanya kazi katika jiko la nyumba moja ya Kitaliano, na alichokiona huko alirudi nacho kwake. Ila hakukirudisha chote.

Hapo ndipo nilipotega masikio. Mama mtu aliona Wataliano wanazichemsha tambi katika maji mengi yenye chumvi, na wanaziepua zingali na ukinzani kidogo menoni, hawaziachi zikawa uji, hilo akalichukua. Aliona hawazivunji wala hawazikati kwa kisu, hata zikiwa ndefu vipi; hilo akalichukua. Mchuzi wao wa nyanya na nyama, ambao wao huuita sugo, akauchukua pamoja na jina lake, na Wasomali hata leo husema suugo. Lakini aliona pia wanaumiminia mvinyo, na baadhi ya siku wanaanza kwa kukaanga mafuta ya nguruwe. Hayo akayaacha katika jiko la mwenyewe. Mahali pake akatia viungo vyao Wasomali, waviitavyo xawaash: bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki, mdalasini, karafuu na manjano, vyote vikakaangwa vikavu na kusagwa. Na akaweka ndizi.

Dada zangu, tazameni alichokifanya bibi yule, ambaye pengine hakusoma kitabu hata kimoja cha fiqhi. Hakukikimbia chakula kwa kuwa mwenyewe si Muislamu, na hakukibugia kwa kuwa mwenyewe ni mtawala. Alikichuja. Na alichokichuja kikawalisha wajukuu zake katika kibanda cha ukimbizini, na kikanilisha mimi bure siku tano.

Alinihadithia pia adabu za meza za Wataliano, kama alivyozipokea kwa mama yake, na baadaye nimezihakikisha kwa watu wetu waliokaa Italia. Kwao tambi haziji pamoja na kila kitu kama wali wetu wa sinia. Zinatangulia peke yake, ndiyo sahani ya kwanza. Zikimalizika ndipo inakuja nyama au samaki pamoja na mboga, kisha matunda, na kahawa nyeusi mwisho kabisa. Kahawa yenye maziwa ni ya asubuhi. Ukiiagiza baada ya chakula cha mchana watakutazama kama mtu aliyeomba uji katika karamu ya biriani. Mchuzi hauwi mwingi, unazipaka tu tambi. Na juu ya yote, hawana haraka. Familia hukaa mezani, hasa Jumapili, bibi na babu na watoto, wakazungumza mpaka mchana ukapinda, na mtu kuinuka akiwa wa kwanza ni utovu wa adabu. Katika hili sisi tuna la kujifunza. Sinia letu lina baraka ya mikono mingi, lakini siku hizi baba hula akitazama simu, na watoto wamekwisha kuondoka kabla mama hajakaa.

Kadi yangu ilifika siku ya tano, jioni. Nilivuka.

Ya Mbale sitayarefusha. Chuo kilifunguliwa mwaka 1988 chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, na tulikuwamo vijana wa mataifa mengi. Chakula cha siku nyingi kilikuwa posho, yaani ugali wa mahindi, kwa maharage, kama ilivyo katika vyuo vingi vya Uganda. Majumbani mwa wenyeji nilikula matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke, yakatoka laini, ya manjano, wakayamwagia mchuzi wa karanga. Wagisu wa pale Mbale, walio chini ya mlima Elgon, wana chakula chao cha machipukizi ya mianzi, malewa, yaliyokaushwa kwa moshi na kuungwa kwa karanga. Yule mama wa darsani aliniuliza hasa juu ya nazi. Nazi hakuna. Lakini karanga huko inafanya kazi ile ile inayofanywa na tui kwetu, na ulimi wa mtu wa pwani, baada ya siku kama kumi za manung'uniko, huitambua.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa neno moja. Waganda wakimaliza kula humwambia mpishi, "Webale kufumba," ahsante kwa kupika. Husema mume, husema mtoto, husema mgeni, naye mpishi huitikia. Nililizoea neno hilo hata nikaenda nalo nyumbani likizo ya kwanza. Mama alikuwa amenipikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nilipomaliza nikamwambia, "Ahsante, mama, kwa kupika." Aliacha alichokuwa akikifanya, akanishika paji la uso kuangalia kama nina homa. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa amenipikia, na hilo lilikuwa mara ya kwanza kulisikia. Sisi wanaume wa pwani tunakijua chakula kizuri na tunakisifu sana barazani kwa wenzetu. Anayekipika ndiye tunayemsahau.

Nirudi upande wa Kenya. Likizo moja fupi nilialikwa Busia, na mwanafunzi mwenzangu ambaye wazazi wake ni Waislamu wa Kisamia. Huko ndiko nilikokutana na ugali mweusi wa muhogo na wimbi, unaonata, na mrenda, mboga inayoteleza kuliko bamia. Wanaipika kwa magadi kidogo au kwa chumvi yao ya majivu, ikalainika. Wakaandaa na omena, wale dagaa wa ziwa. Siku ya kuondoka walichinja kuku. Baba mwenye nyumba akanipa firigisi, na mwenzangu akaninong'oneza kwamba nisiikatae hata nikiwa nimeshiba, kwani kipande hicho hakipewi mtu yeyote ila mkubwa wa nyumba au mgeni wa heshima. Jambo lililonitaabisha ni kwamba mama mwenye nyumba, mtu mzima, alipiga magoti kuninawisha maji. Kwetu anayeinama ni mdogo kwa mkubwa. Niliinuka nikalipokea birika kutoka mikononi mwake, na sikujua, na sijui hata leo, kama nilimheshimu au nilimvunjia mila yake.

Na wadudu je, ambao ndio hofu kubwa ya mama yule? Ni kweli, wapo. Mvua zikianza, kumbikumbi huibuka katika vichuguu, na watu wa Busia huwakusanya, wakawakaanga na kuwatia chumvi, na watoto hushangilia kama wetu wanavyoshangilia kaimati. Waliletwa kwenye kibakuli jioni moja. Katika madhehebu yetu ya Kishafii wadudu hawaliwi, isipokuwa nzige ambao umethibiti uhalali wao. Hapa basi halikuwa tena suala la ladha. Lakini njia ya kuacha nilikuwa nimeshafundishwa Malaba. Sikukunja uso wala sikutoa darsa. Nilisema tu, "Hawa mimi sili, ila mrenda nitaongeza," na mama wa nyumba akaniongezea mrenda kwa furaha. Waliokula walikula. Hakuna aliyeudhika.

Kwa hiyo nilimwambia mama yule wa darsani amfundishe binti yake maswali badala ya kumfungia mlango. Akikaribishwa nyama, aulize nani amechinja, na aulize kwa upole. Jambo lililoharamishwa aliache bila kulitangaza. Jambo lenye shaka aliulizie wenye elimu, nao huko wako wengi. Na jambo ambalo kosa lake ni kwamba halikupikwa na mamake, alile, aseme webale. Maswali hayo hayo yawafae pia wale walioko hapa hapa pwani na watoto wao wanaopita kwenye mikahawa ya Kitaliano ya Malindi na Watamu: tambi za unga wa ngano hazina tatizo, lakini mchuzi wa nyama huenda umetiwa mvinyo, vipande vyembamba vya nyama ya waridi juu ya piza mara nyingi ni nguruwe, na ile keki yao ya kahawa na malai, tiramisu, mara nyingi ina pombe ndani yake. Tusione haya kuuliza.

Anayetaka kupika ile suugo nyumbani, mke wangu huipika hivi kwa watu sita. Kaanga vitunguu viwili mpaka viwe rangi ya dhahabu, tia thumu na nusu kilo ya nyama ya kusaga, koroga mpaka maji yake yakauke. Tia kijiko kimoja cha viungo vile nilivyovitaja, kisha nyanya tano au sita zilizosagwa, chumvi na pilipili mbichi, uache juu ya moto mdogo kwa muda usiopungua nusu saa. Haraka ndiyo inayoiharibu. Tambi zichemshe mbali, zichuje, uzichanganye na mchuzi dakika ya mwisho. Ndizi msiisahau.

Malaba imebadilika. Siku hizi msafiri hukaguliwa mara moja tu, na maafisa wa nchi mbili wamekaa chini ya paa moja. Hali ni hiyo hiyo Busia, ambako kituo kama hicho kilizinduliwa na marais wa Kenya na Uganda mwezi Februari 2018. Nilipopita mara ya mwisho niliteremka kukitafuta kile kibanda. Mahali pake pana duka la simu na ofisi ya mawakala wa forodha. Mzee mwadhini amekwisha kutangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kuhusu yule mama, niliambiwa mabinti waliolewa na walimchukua, mmoja akasema Nairobi, mwingine akasema ng'ambo. Nilikuwa na bahasha yake mfukoni, kwani siku tano zile hazikulipwa hata senti. Niliitoa sadaka msikitini kwa niaba yake, kisha nikanunua chapati iliyokunjiwa mayai, wanayoiita roleksi, nikaila nimesimama, malori yakinguruma pembeni.

Jumatano iliyopita mama yule alinijia tena baada ya darsa. Basi la binti yake linaondoka mwisho wa mwezi, kadi ya chanjo ameshaitia kwenye mkoba kwa mkono wake mwenyewe. Ana swali moja tu lililobaki: je, nazi kavu kumi na mbili zinaruhusiwa kuvuka mpaka? Nikamwambia hukumu ya hilo amuulize mwenye basi.